Siyu, Mji wa Maji Yajaayo na Kupwa

Kisiwa cha Pate ni kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Lamu, kaskazini ya pwani ya Kenya. Miji yake mitatu ya kale ni Pate, Faza na Siyu. Wasomaji wengi wamesikia habari za Pate na wafalme wake. Lakini habari za Siyu nazo zastahili kujulikana, kwa kuwa mji huu ulipata sifa kwa kazi ya mikono na kwa ushujaa.

Siyu umejengwa kwenye hori, yaani mkono wa bahari uingiao katika nchi kavu, wenye mikoko kila upande. Maji yakijaa, mashua hufika karibu na mji. Yakipwa, hubaki matope matupu. Kwa hiyo nahodha aendaye Siyu hana budi kwanza kuyajua maji, kwani akichelewa atangoja hata yajae tena.

Mwaka 1606 padri Mreno, Gaspar de São Bernardino, alifika Siyu, akaandika kwamba ndio mji mkubwa kuliko yote kisiwani. Baadaye sifa zake zilienea kwa ajili ya mafundi wake: washona viatu vya ngozi, wachonga milango na viti, wahunzi, na waandishi walionakili Kurani kwa mkono na kuzipamba kwa wino wa rangi.

Maji yale machache yaliyowasumbua wafanya biashara ndiyo yaliyokuwa ngao ya mji wakati wa vita. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said, Sultani wa Unguja, alipeleka majeshi kuutiisha. Merikebu zake hazikuweza kuukaribia, ikawapasa askari kushuka mbali na kwenda kwa miguu. Watu wa Siyu, chini ya Bwana Mataka, waliwashinda, na amiri wa Sultani akauawa. Mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona binti Msham, yule aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, unaosomwa hata leo.

Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka 1863 majeshi ya Seyyid Majid yaliuteka mji, na Muhammad, mwana wa Mataka, akafungwa Mombasa. Tangu hapo nguvu za Siyu zilipungua. Vyombo vikubwa vilihitaji bandari yenye kina. Na reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwaka 1901, biashara ya pwani ilizidi kuvutwa huko. Hori iliyowazuia adui ikawazuia wanunuzi pia.

Leo Siyu ni mji mdogo. Ngome yake ya mawe ingali imesimama kando ya maji, nayo hutunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Lakini kuta za mawe zaweza kujengwa upya zikibomoka. Ujuzi wa fundi akifa bila mwanafunzi haujengeki tena. Basi kijana wa Siyu aketiye karibu na mzee na kujifunza kukata ngozi au kuchonga mbao anahifadhi sehemu ya mji ambayo hakuna jeshi lililoweza kuiteka.