Kumfuata Yesu Katika Kazi za Kila Siku

Nanighi ni mji mdogo ulio karibu na ukingo wa mashariki wa mto Tana, katika Kaunti ya Garissa. Wenyeji wake walio wengi ni Waislamu na wafugaji, na kando ya mto hulimwa mahindi, ndizi na maembe. Wakati wa kiangazi mifugo hushushwa mtoni kunywa maji kwa njia ziitwazo malka, zipitazo kati ya mashamba. Hapo mkulima na mfugaji hukutana, na pengine hugombana. Huko chini, upande wa Garsen, magomvi ya maji na malisho yalizaa mapigano kuanzia Agosti 2012 hata mapema mwaka 2013, na watu zaidi ya mia moja wakauawa, wanawake na watoto wakiwamo.

Mkristo apelekwaye kufanya kazi katika nchi kama hiyo, awe karani, mwalimu au mwuguzi, hana budi kujiuliza atamfuataje Yesu mahali ambapo Wakristo ni wachache na jirani zake hawasali pamoja naye. Wako wadhanio kuwa kumfuata Yesu ni kuhubiri na kuimba tu. Lakini Injili ya Luka yatuambia kwamba Yesu alikuwa amepata miaka thelathini hivi alipoianza kazi yake ya kufundisha, na Marko aeleza kuwa watu wa kwao walimjua kuwa seremala. Basi sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika kazi ya mikono, kati ya jirani zake.

Mtu mmoja aliyelielewa jambo hili ni Bibi Annalena Tonelli, aliyeishi Wajir, kaskazini ya Garissa. Alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasoma sheria, akaja Kenya mwaka 1969 kufundisha shule. Hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika lo lote la dini. Huko Wajir karibu watu wote aliowahudumia walikuwa Wasomali Waislamu. Wengine walimshuku, naye hakubishana nao, bali aliendelea kuwahudumia.

Wakati ule kifua kikuu kiliwasumbua sana wafugaji. Dawa ilikuwapo, lakini ilipasa kutumiwa kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, na mfugaji hawezi kukaa mahali pamoja muda huo wote hali ng'ombe na ngamia wake wanatafuta malisho. Mgonjwa alipopata nafuu kidogo alikwenda zake, na ugonjwa ukamrudia kwa nguvu. Watu husema upesi kwamba mgonjwa wa namna hiyo ni mkaidi. Bibi Tonelli hakusema hivyo. Kuanzia mwaka 1976 aliwakaribisha wagonjwa wajenge vibanda vyao wenyewe, kama walivyozoea, karibu na mahali pa matibabu. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, na kwa dawa mpya zilizokuwa zimepatikana, matibabu yalikwisha kwa miezi sita. Baadaye njia hii ya kumwangalia mgonjwa akimeza dawa ilienea katika nchi nyingi za ulimwengu.

Katika Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa. Bibi Tonelli alisaidia majeruhi na wafu, na habari za mambo hayo zikajulikana nje. Mwaka 1985 ilimlazimu kuiacha Kenya. Aliendelea na kazi ile ile Somalia, na mwishowe katika mji wa Borama, ambako pia alianzisha shule ya watoto viziwi. Tarehe 5 Oktoba 2003 alipigwa risasi hapo hospitalini, akafa.

Pengine msomaji atasema kwamba huyu alikuwa mtu wa pekee, na kwamba mkulima mwenye watoto wa kulisha hawezi kuishi hivyo. Ni kweli kwamba si kila mtu aitwaye kuacha nchi yake. Lakini tuitazame kazi yake yenyewe: kumwamkia mgonjwa kwa jina lake, kumpa dawa, na kesho yake kufanya hivyo tena. Kila mtu aweza kufanya kazi ya namna hiyo mahali alipo.

Mfugaji akifika afisini baada ya kutembea tangu alfajiri, karani aweza kumwambia arudi kesho, au aweza kuiandika barua yake siku ile ile. Mkulima aweza kuziba malka kwa miiba ili aongeze mistari michache ya mahindi, au aweza kuiacha wazi ng'ombe wa jirani wapate maji. Mahindi yakiliwa na mifugo, aweza kushika panga, au aweza kwenda kwa wazee kudai haki yake kwa amani. Yesu aliwaosha miguu wanafunzi wake, kazi iliyodharauliwa na watu wakubwa, kisha akawaagiza watendeane vivyo hivyo. Jirani asiyesoma Injili huyaona matendo hayo, na kwa hayo humjua Mkristo.