Safu moja yaweza kula faida ya msimu

ZIBA: Wanunuzi wa pamba na mpunga wa Ziba, wilayani Igunga, wanaotunza hesabu kwenye kompyuta wanashauriwa kutogusa muundo wa majedwali yao wakati mizani inafanya kazi.

Sababu za kuubadilisha hazikosekani. Tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 15, 2021, ni mfano. Jedwali la malipo lenye jina, kilo, bei na kiasi halina mahali pa kuiandika. Anayeichanganya ndani ya safu ya kiasi hawezi tena kulinganisha Juni na Agosti.

Njia iliyo sawa ni kuongeza safu ya tozo kwa amri ya ALTER TABLE. Hapo kuna mtego. Safu mpya isipopewa thamani, mistari ya zamani hubaki mitupu, na kwa kompyuta tupu si sifuri. Shilingi 50,000 kujumlisha tupu hutoa tupu. Malipo hayo hayaingii kwenye jumla, gharama huonekana ndogo, na mfanyabiashara hujiona ana faida asiyokuwa nayo.

Malipo ya kabla ya tozo kuanza yajazwe sifuri. Pale ilipokatwa bila kuandikwa, iachwe tupu hadi kumbukumbu ya muamala ipatikane.

Viwango navyo havikutulia. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba 2021, na Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka kutoka shilingi 7,000 hadi 4,000. Kwa hiyo viwango viwe na jedwali lao lenye tarehe ya kuanza, na kiasi kilichokatwa kibaki kwenye mstari wa malipo.

Safu ya kilo inahitaji uangalifu zaidi. Ikigeuzwa kuwa ya namba kamili, kilo 47.6 yaweza kuwa 48. Kwa mizigo 1,000 ya uzito huo, ghala litadaiwa kilo 400 zisizokuwapo.

Msimu wa pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Kabla ya hapo nakala ihifadhiwe, mabadiliko yajaribiwe kwenye nakala nyingine, na jumla za kabla na baada zilinganishwe. Anayetumia MySQL akumbuke kuwa amri hiyo ikishapita haitanguliki kirahisi kama ilivyo katika PostgreSQL.

Jumla zisipolingana, jedwali la zamani liendelee kutumika.