Vikwazo vilivyoshindwa kuiokoa Ethiopia

VIKWAZO vya kiuchumi huwekewa taifa vamizi ili likose fedha na bidhaa za kuendeshea vita. Hata hivyo, makali yake hutegemea kile kilichozuiwa.

Italia iliivamia Ethiopia Oktoba 3, 1935. Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa, uliitangaza kuwa mchokozi. Kuanzia Novemba 18 mwaka huo, wanachama walipigwa marufuku kuiuzia silaha, kuikopesha fedha na kununua bidhaa zake.

Lakini mafuta na makaa ya mawe hayakuguswa. Marekani, mzalishaji mkubwa wa mafuta, haikuwa mwanachama, nazo Uingereza na Ufaransa zilihofia kumsukuma Benito Mussolini mikononi mwa Ujerumani. Mfereji wa Suez nao ulibaki wazi kwa meli zilizobeba wanajeshi wa Italia.

Addis Ababa ilitekwa Mei 5, 1936. Mfalme Haile Selassie aliomba msaada mjini Geneva Juni 30, lakini mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.

Ukombozi ulipatikana 1941 kwa mtutu wa bunduki, wazalendo wa Ethiopia wakisaidiwa na majeshi ya Uingereza, yakiwemo yaliyotokea Kenya.