Maji ya Baridi na Mtu wa Mtumbwi: Avae Nini? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia jaketi la kuelea. Asiye nalo aache kusoma, akalitafute kwanza. Leo tuangalie nguo zinazokaa ndani yake.

Mkazi wa Bujumbura atatucheka, maana Ziwa Tanganyika lake lina uvuguvugu mwaka mzima. Lakini Gitega na Muyinga ziko juu ya mita 1,500, na mto Ruvubu huteremka kutoka milima ya Kayanza, ukapita kaskazini ya Gitega, ukaingia hifadhi inayogusa Muyinga. Mpiga kasia wa alfajiri ya Julai hutetemeka hata kabla hajalowa. Akipinduka, maji yatamnyang'anya joto mara 25 hivi kuliko hewa. Vidole ndivyo hufa ganzi kwanza, na mtu asiyeweza kushika ukingo wa mtumbwi yuko hatarini hata kama ni hodari wa kuogelea.

Adui mkubwa ni pamba. Shati au jinzi hunywa maji na kugandamana na ngozi, na upepo ukivuma baridi huzidi. Sufu hutunza joto hata ikilowa. Poliesta hainywi maji kwa urahisi. Zote mbili zimejaa kwenye mitumba, ila lebo mara nyingi zimekatwa. Basi chomoa uzi mmoja, ukauchome nje, mbali na marobota ya watu. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka ikawa kipunje kigumu. Pamba huwaka kama karatasi. Juu ya sweta vaa koti la mvua jepesi la kuzuia upepo.

Zipo pia suti za mpira wa neoprini, alizozibuni Hugh Bradner wa California mnamo 1952. Wengi hudhani joto hutokana na maji yaliyonaswa ndani. Kazi kubwa hufanywa na viputo vya gesi vilivyomo kwenye mpira wenyewe. Kwa Ruvubu naziona ni anasa. Watu wa Greenland, waliotuachia neno anoraki, walipiga makasia kwenye barafu wakivaa ngozi za sili.

Nguo kavu zibebe ndani ya ndoo yenye mfuniko, uifunge kwenye mtumbwi. Ama viboko wa Ruvubu, hao hawana vazi la kuwazuia: wakionekana, rudi ukingoni.

Juma lijalo: viatu.