Dubu Asiyekuwapo Laetoli

Laetoli iko kusini mwa Olduvai, katika wilaya ya Ngorongoro, Tanzania. Mwaka 1976 watafiti wa timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey walikuwa wakirushiana hapo mavi makavu ya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, alijitupa chini kukwepa, akaona nyayo za wanyama zilizoganda katika majivu ya volkano yenye umri wa takriban miaka milioni 3.66. Tunapenda kuamini kwamba ukweli wa kisayansi hutoka kwa watu wasio na mzaha, wasioelemea upande wowote. Laetoli haituruhusu kuamini hivyo. Mzaha wa wagunduzi haukupunguza thamani ya nyayo, kwa sababu nyayo zilibaki palepale na yeyote aliweza kwenda kuzipima upya. Huko kupimika na wengine ndiko ninakokuita ukweli usioegemea mtu.

Chukua mfano wa nyayo tano za sehemu ya Laetoli iitwayo eneo A. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Russell Tuttle alipendekeza kwamba huenda ziliachwa na dubu mchanga aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Mwaka 2019 timu iliyokuwa na Mtanzania Charles Musiba ilizifukua tena, na Desemba 2021 ikatangaza katika jarida la Nature kwamba aliyepita ni jamaa wa kale wa binadamu. Kuna atakayeuliza kwa nini tuwaamini leo wataalamu ambao jana walisema dubu. Swali ni halali, lakini hoja ya dubu ilikuwa na uzito kwa sababu iliweza kukosea: ilitabiri kisigino chembamba, na kisigino kilikutwa kipana. Video za dubu weusi wa Marekani, zaidi ya saa 50, zilionyesha kwamba hawatembei wima hata asilimia moja ya muda. Ni kweli kwamba dubu wa leo si shahidi kamili wa dubu wa zamani. Ndiyo maana mifupa ina uzito zaidi kwangu. Kati ya maelfu ya visukuku vya wanyama vilivyokusanywa Laetoli, hakuna hata kimoja cha dubu.

Timu ilikwenda mbali zaidi. Kwa kuwa mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine, na umbo la wayo ni tofauti na la zile nyayo mashuhuri zilizopatikana hapo Laetoli mwaka 1978, ilisema huyu alikuwa wa spishi nyingine. Hapo nasita: nyayo tano zinatosha kumwondoa dubu, ila kuthibitisha spishi ya pili kunahitaji hatua nyingi zaidi kutoka majivu yaleyale.