Baiskeli ya Umeme Katika Vilima vya Gairo: Breki Kwanza, Mwendo Baadaye

Kila mtu wa Gairo aliyewahi kusukuma baiskeli yenye gunia ajua maana ya kilima. Njia ya lami itokayo Morogoro kwenda Dodoma yapita mjini petu, na magari yapita humo kwa urahisi. Lakini mahindi, maharage na viazi havioti katika lami. Hutoka mashambani, na wengine wetu huyatoa juu kabisa, upande wa Nongwe na Mandege katika milima ya Ukaguru. Huko njia ni ya udongo, yenye mawe na makorongo, na mtu hushukuru akifika sokoni na miguu yake mizima.

Basi si ajabu kwamba vijana wetu wameanza kuzitazama baiskeli za umeme kwa hamu. Hazinywi petroli. Betri yake huchajiwa nyumbani usiku, na kwa betri ndogo umeme unaotumika haufiki hata nusu ya uniti moja. Tena baiskeli za bei nafuu, hasa zile zilizokwisha kutumika, mtu aweza kuzinunua kwa fedha ya mavuno mema ya msimu mmoja au miwili.

Shida huanza baada ya kununua. Tutoe mfano, maana mambo ya namna hii yataeleweka vizuri kwa mfano.

KIJANA NA FUNDI

Kijana mmoja amenunua baiskeli yake ya umeme. Katika njia ya tambarare yakimbia vema, naye afurahi. Siku ya kwanza ya kupakia viazi, kilima chamshinda. Mota yanguruma, yatoa harufu ya kuungua, kisha yanyamaza. Kijana ashuka, asukuma, na jioni aenda kwa fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Safari mbaya, mzee. Baiskeli haina nguvu. Nataka uniongezee betri. Hii ni ya volti 36, nasikia nikitia ya volti 48 itaruka kama pikipiki."

Mzee hakujibu. Aliinama, akabana breki ya mbele kwa mkono mmoja, akaisukuma baiskeli kwa mkono wa pili. Ikaenda.

"Mwanangu," akasema, "wewe walilia kupanda. Nieleze kwanza utashukaje."

Neno la mzee huyu ndilo tunalotaka kulieleza leo. Mwenye baiskeli ya umeme ya bei nafuu akitaka kuibadili ifae vilima, aanze na breki, aendelee na cheni na sproketi, na umeme auweke mwisho. Wengi huanza na umeme, na hapo ndipo hupoteza fedha yao, na pengine uhai.

MZIGO NA KILIMA

Tufanye hesabu ndogo. Kijana ana kilo 65, baiskeli na betri yake kilo 25, gunia la viazi kilo 60. Jumla ni kilo 150. Kupandisha uzito huo mita 100 kwenda juu kwahitaji wati-saa 41 za kazi yenyewe. Lakini mota haigeuzi umeme wote kuwa mwendo, sehemu hupotea kama joto, na njia ya udongo nayo hula yake. Kwa hiyo betri hutoa wati-saa 60 au zaidi.

Betri yako ina kiasi gani? Zidisha volti kwa ampea-saa, namba zote mbili huandikwa ubavuni. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Basi vilima sita vya mita 100, pamoja na mzigo, vyatosha kuimaliza kabisa. Ni vizuri kujua jambo hili kabla ya kuondoka nyumbani.

Sasa tazama nguvu ya mota. Katika mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100 za njia, kilo 150 zikipanda kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa zahitaji wati 250 hivi. Mota nyingi za bei nafuu ni za wati 250 hizo hizo. Mwinuko ukiwa wa mita 10 kwa 100, zahitajika wati 460 hivi. Kumbe mota ya kijana wetu haikuwa mbovu. Ilipewa kazi ya watu wawili ikaachwa peke yake.

Mtu wa pili yuko wapi? Ni mwenye baiskeli mwenyewe. Miguu ya mtu mzima mwenye afya yaweza kutoa wati 100 hivi kwa muda mrefu bila kuumia. Lakini miguu haitoi nguvu hiyo kama pedeli ni nzito mno. Hapo ndipo sproketi inapoingia.

SPROKETI, GURUDUMU LA MENO

Sproketi ni lile gurudumu la meno linaloshika cheni. Moja iko mbele penye pedeli, nyingine nyuma katika gurudumu. Hesabu meno yake. Ikiwa mbele ni 48 na nyuma ni 16, basi kila ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 3. Gurudumu la inchi 26 husafiri mita 2 na kidogo kila likizunguka. Kwa hiyo pedeli moja yakupeleka mita 6. Tambarare ni vema sana. Kilimani, kwa kilomita 10 kwa saa, utazungusha pedeli mara 28 tu kwa dakika, na kila mzunguko utakuwa kama kung'oa kisiki. Magoti yatauma, nawe utaiachia mota kazi yote.

Badili mbele uweke meno 36, na nyuma meno 18. Sasa pedeli moja yakupeleka mita 4, nawe utazungusha mara 42 kwa dakika. Ukipata sproketi za nyuma za safu saba, ile kubwa yenye meno 28, pedeli moja itakupeleka mita 2 na nusu hivi, na miguu itazunguka zaidi ya mara 60 kwa dakika, bila kuvutana na kilima. Hasara yake ni kwamba kwa sproketi hizi nyepesi, tambarare miguu haitaifikia kasi ya mota. Lakini tambarare mota haihitaji msaada mkubwa, kwa hiyo hujapoteza kitu.

Mambo matatu ukumbuke. La kwanza, katika baiskeli nyingi za bei nafuu sproketi ya mbele imeshikana na mkono wa pedeli, hivyo hununuliwa pamoja. La pili, meno yakipungua cheni huwa ndefu mno. Kutoka 48 na 16 kwenda 36 na 18, toa pingili nne, kisha vuta gurudumu nyuma kidogo mpaka cheni icheze kadiri ya nusu inchi, isizidi. La tatu, usitie sproketi mpya katika cheni iliyokwisha. Chukua rula ya mtoto wa shule. Pingili 24 za cheni nzima zina urefu wa inchi 12 kamili. Zikizidi hata kwa sehemu ya nane ya inchi, cheni imekwisha, nayo itatafuna meno mapya kwa muda mfupi.

JE, SPROKETI YASAIDIA MOTA?

Hapa wengi hukosea. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina mota ndani ya gurudumu. Mota hiyo haipiti katika cheni, kwa hiyo sproketi haiibadili hata kidogo. Husaidia miguu, na miguu ndiyo humsaidia mota. Mota ya gurudumuni ikienda polepole mno chini ya mzigo, umeme mwingi hugeuka kuwa joto badala ya mwendo. Miguu ikichangia, mwendo hushika, na mota hupoa.

Mota hizi ni za namna mbili. Ile pana kama sahani kwa kawaida haina gia ndani, nayo haipendi kupanda polepole. Ile ndogo, nene kama kopo, ina vigia ndani yake, mara nyingi vya nailoni, nayo hupanda vizuri zaidi, lakini vigia hivyo husagika kwa mzigo wa kupita kiasi. Kwa zote mbili kanuni ni moja. Ukifika juu, shuka uguse mota kwa uangalifu. Kama mkono hauwezi kukaa hapo, pumzika mpaka ipoe.

Ziko pia baiskeli ambazo mota yake iko penye pedeli. Hizo hupitisha nguvu katika cheni, kwa hiyo sproketi nyepesi husaidia mota pia. Lakini cheni yake huisha haraka, na rula isikae mbali.

WENGINE NAO WAMEONA HIVYO

Yasije yakadhaniwa kuwa ni mawazo ya maskini tu. Shirika la World Bicycle Relief lilianzishwa mwaka 2005, baada ya maafa ya tsunami ya mwaka 2004. Baiskeli zake ziitwazo Buffalo hutumika Kenya, Malawi, Zambia na Zimbabwe kubeba wanafunzi, wagonjwa na mizigo. Watengenezaji walipotaka kuisaidia Buffalo katika vilima, hawakutia umeme. Waliigeuza cheni. Aina iitwayo Utility S2 ina cheni mbili, moja ya tambarare na moja ya kupandia. Mpanda baiskeli hurudisha pedeli nyuma kidogo, nayo hubadili. Haina waya wa kuvuta gia wala kifaa cha kuning'inia nyuma cha kugongwa na mawe. Wataalamu wenye viwanda walifikiri sana juu ya njia za vijijini, nao walianza na meno na cheni.

SASA BREKI

Turudi kwa mzee na swali lake. Zile wati-saa 41 ulizozipandisha mita 100 hazikupotea. Wakati wa kushuka zote zarudi, na usipotaka mwendo uzidi, sehemu kubwa lazima iishie katika breki kama joto. Mwendo nao huzidisha mambo. Kusimamisha mzigo ule ule kutoka kilomita 30 kwa saa ni kazi zaidi ya mara mbili ya kuusimamisha kutoka kilomita 20. Ndiyo maana kutia volti 48 mahali pa 36 bila kugusa breki ni hatari kubwa. Mwendo waongezeka kwa theluthi, breki zabaki zile zile.

Fanya hivi. Badili mipira ya breki kabla haijaisha. Badili waya uliochakaa. Shuka kwa breki zote mbili, na uzibane toka mwanzo wa mteremko, usingoje kasi ikupate.

Tena liko jambo moja ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Katika baiskeli nyingi za umeme, mkono wa breki una swichi ndogo ndani yake. Ukibana breki, swichi hukata umeme wa mota. Ukivunjika mkono huo, na fundi akitia wa baiskeli ya kawaida, baiskeli itakuwa na breki inayovuta nyuma na mota inayosukuma mbele kwa wakati mmoja. Sema na fundi wako, na uijaribu mbele yake: inua gurudumu, zungusha eksileta, bana breki. Mota isipozimika, usitoke hapo.

UMEME MWISHO

Baada ya hayo yote, kama bado wataka nguvu zaidi, jua kwamba mota yenye nguvu hujaribu kuizungusha ekseli yake yenyewe. Nati zikilegea, ekseli huzunguka katika fremu, hukata nyaya, na gurudumu laweza kutoka. Tia kipande cha chuma cha kuishikilia ekseli, kifungwe imara kwenye fremu. Angalia kontrola, kile kisanduku cha kuongoza umeme, kama kimeandikwa kubeba volti unazotaka. Spoku za gurudumu la nyuma nazo ziwe nene. Na betri ya lithiamu ichajiwe kwa chaja yake tu, mahali pasipo nguo wala nyasi, wala si kando ya kitanda cha watoto, maana ikiharibika huwaka moto mkali usiozimika upesi.

Kijana wetu akimsikiliza mzee, atarudi nyumbani na breki mpya, cheni mpya na sproketi mbili, na betri yake ile ile. Siku ya soko atapanda kilima kwa miguu na mota pamoja, pole pole, na pale panapozidi ukali atashuka asukume bila aibu. Kisha atashuka upande wa pili akiwa ameshika breki inayoshika.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Mama anayemngoja mwanawe jioni haulizi alikuja kwa kilomita ngapi kwa saa. Hutazama njia tu, mpaka amwone.