Faida iko kwenye karatasi, feza iko wapi?

Ndugu wa kamati, tuseme koperative yenu iko na depo huku Cimpunda. Mulinunua maharagi ya dola 2.000, mukauzisha yote dola 2.600. Ripoti inaandika faida dola 600, watu wanapiga makofi. Lakini wamama wa soko walichukua maharagi ya dola 900 kwa deni. Katika kese muliingia dola 1.700 tu, ni kusema 300 chini ya zile zilizotoka. Musimu ukifika, mutanunua mavuno ya wanamemba na nini?

Kwa hiyo musianze na mstari wa faida. Muombe mtunza feza majina ya wenye deni na tarehe walichukua. Deni ya wiki mbili na deni ya mwaka si kitu kimoja, hata zikiandikwa pamoja. Halafu kese ihesabiwe mbele yenu, franga mbali, dola mbali. Kukiwa magunia yaliyobaki, muyafungue: maharagi yenye kutobolewa na vidudu hayana tena bei ile ya kwenye ripoti.

Sheria ya OHADA ya 2010 juu ya koperative, yenye kufuatwa pia Kongo, inataka hesabu za mwaka zipite mbele ya mkutano mkuu. Kule, wanamemba watauliza ninyi, si mtunza feza peke yake.